TRAPPIST-1: nani aliyekwambia panakalika?

Huenda na wewe ulishatumiwa ile picha. Ufukwe wa mawe, maji yametulia, barafu kidogo, jua jekundu limekaa kwenye upeo wa macho, na sayari nyingine zimening'inia angani kama miezi. Chini yake mtu ameandika kwa herufi kubwa kwamba NASA wamepata dunia nyingine. Ilitoka Februari 2017, na mpaka leo inazunguka kwenye magrupu kana kwamba imepigwa jana.

Sasa hapo kwenye "imepigwa" ndipo shida ilipo. Haikupigwa, ilichorwa. Leo nataka tuijadili picha hiyo kama watu wanavyojadili filamu: imefanya nini vizuri, imechapia wapi, na imetuachia nini kichwani. Halafu nina ugomvi na neno moja la Kiswahili, tutafika huko.

Kwanza haki itendeke, maana ugunduzi wenyewe ni mkubwa kweli. Mwaka 2016 timu ya Michaël Gillon wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, ilitangaza sayari tatu zinazozunguka nyota hafifu iliyo kwenye kundi la Ndoo, umbali wa miaka ya nuru 40 hivi kutoka hapa. Darubini waliyotumia inaitwa TRAPPIST, iko La Silla nchini Chile, na kioo chake kina upana wa sentimita 60. Ndiyo, sentimita 60 tu. Kuna sufuria za pilau la harusi zinazoishinda. Kazi ikaendelea kwa darubini nyingine kadhaa, ikiwemo pacha wake aliyewekwa Oukaïmeden kwenye milima ya Atlas, Morocco (kwa hiyo Afrika nayo ina mkono wake humu), na darubini ya angani ya Spitzer ikaikodolea macho nyota hiyo kwa takriban siku 20 karibu bila kupepesa. Tarehe 22 Februari 2017 ikatangazwa kwamba sayari ni saba, zote zikikaribiana na Dunia kwa ukubwa. Zikapewa herufi kuanzia b mpaka h.

Jambo ambalo watu wengi hawaambiwi ni kwamba hakuna aliyeiona hata sayari moja. Walichokiona ni nyota inayopungua mwanga kidogo, inarudi, inapungua tena, kwa mpangilio. Sayari ikipita mbele ya nyota yake inaziba sehemu ya mwanga, basi. Ukiichora kwenye grafu unapata mstari wenye mabonde. Sayari e, ile inayosifiwa kuliko zote, ikipita inaziba kama asilimia 0.5 ya mwanga. Unaona ni kidogo? Dunia yetu ikipita mbele ya Jua, mtu aliye mbali angeona upungufu usiofika hata asilimia 0.01.

Tofauti hiyo inatokana na nyota yenyewe. TRAPPIST-1 ni kibete hasa: upana wake unazidi kidogo tu ule wa Mshtarii, ingawa uzito wake ni zaidi ya mara 90 ya sayari hiyo. Joto la uso wake ni kama kelvini 2,566, chini ya nusu ya joto la uso wa Jua. Ukiwa na taa ndogo, hata inzi akipita mbele yake utamgundua. Ndiyo maana wanaotafuta sayari za miamba wanavipenda vibete. Siyo kwa sababu maisha huko ni matamu. Ni kwa sababu huko sayari zinapimika. Naomba ukumbuke hilo, maana watu wengi wanachanganya sababu hizi mbili.

Na zinapimika kweli. Sayari hizo saba zimebanana kiasi kwamba hata ya mwisho, h, iko umbali wa asilimia 6 tu ya umbali wa Dunia na Jua. Utaridi, iliyo karibu zaidi na Jua letu, iko asilimia 39. Mwaka wa b ni siku moja na nusu. Mwaka wa e ni siku 6.1, yaani ukizaliwa huko unafanya sherehe ya kutimiza mwaka kabla kitovu hakijakauka. Kwa kuwa zimesongamana hivyo, zinavutana, na kila moja inaiwahisha au kuichelewesha jirani yake. Wanasayansi wakakaa na saa wakipima huko kuwahi na kuchelewa, mpaka wakapata uzito wa kila sayari. Kazi iliyotoka 2021, ikiongozwa na Eric Agol wa Chuo Kikuu cha Washington, ilionyesha kwamba zote saba ni za miamba, na kwamba zina msongamano pungufu kwa asilimia 8 hivi kuliko ambavyo ungetarajia kama zingeumbwa kwa mchanganyiko uleule wa Dunia. Labda zina chuma kidogo zaidi, labda chuma chake kimejichanganya na oksijeni, labda kuna maji. Hapo bado watu wanabishana.

Kupima uzito wa mawe yaliyo umbali wa miaka ya nuru 40 kwa kuangalia saa tu! Mimi hapo ndipo ninapovua kofia. Lakini kuwahi na kuchelewa hakupigiki picha, kwa hiyo msanii akaitwa.

Rudi sasa kwenye ile picha ya ufukweni. Inaonyesha sayari f. Ni nini ndani yake kimetoka kwenye vipimo? Ukubwa wa nyota angani, ndiyo: ukisimama kwenye f, nyota ingeonekana pana karibu mara tatu ya Jua tunavyoliona sisi. Sayari jirani kuonekana kubwa angani, sawa pia, kwa sababu zimekaribiana. Maji? Barafu? Mawe ya ufukweni? Hewa inayosambaza ule wekundu? Vyote hivyo ni vya msanii. Hakuna kipimo hata kimoja cha 2017 kilichogusa uso wa f, na hata sasa hakuna.

Halafu kuna jambo la kuudhi zaidi, ambalo ukishalijua huwezi kuitazama tena picha ile kwa macho yaleyale. Sayari f inapokea kama asilimia 37 ya nishati ambayo Dunia inapokea kutoka kwa Jua. Mirihi inapokea asilimia 43. Yaani sayari iliyochorwa na maji ufukweni inapata nishati kidogo kuliko Mirihi, jangwa lenye baridi ambalo tumeshalitembeza magari. Ili f iwe na ziwa lazima iwe na hewa nzito yenye kushika joto, na hiyo hewa hakuna aliyeiona. Haiwezekani? Inawezekana. Lakini msanii hakuchora "inawezekana". Amechora maji.

NASA wenyewe chini ya picha waliandika kwamba ni mchoro wa msanii. Hilo nalikubali. Ila sote tunajua jinsi picha zinavyosafiri: maelezo madogo ya chini ndiyo yanayodondoka kwanza. Likifika kwenye simu ya shangazi yako, limebaki ziwa.

Cha ajabu, siku zilezile NASA walitoa pia bango la e lililochorwa kama matangazo ya utalii ya zamani, linalokualika uende likizo ukaruke kutoka sayari moja hadi nyingine, eti e imepigiwa kura kuwa kivutio bora katika eneo zima. Nimewasikia wenzangu wakililaumu bango hilo kwa kufanya mzaha na sayansi. Mimi nalitetea. Bango halijifichi, rangi zake na maandishi yake yanakwambia ni utani, na hakuna mtu mzima atakayefunga mizigo. (Kwa mwendo wa chombo cha Voyager 1 ungetumia zaidi ya miaka 700,000 njiani.) Ile picha ya ufukweni ndiyo yenye matatizo, kwa sababu imechorwa kwa ustadi kiasi cha kufanana na fotografia. Mchoro unaojionyesha kuwa mchoro haunisumbui. Unaojifanya dirisha ndio unaonisumbua.

Sasa tuje kwenye neno.

Wanasayansi wana msemo kwa ajili ya lile eneo kuzunguka nyota ambamo sayari yenye hewa ya kufaa ingeweza kuwa na maji ya kimiminika juu ya uso wake. Hesabu zake zinazotumika sana zilifanywa na James Kasting na wenzake mwaka 1993. Ni kipimo cha umbali na nishati tu. Kwetu msemo huo umeingia kama "ukanda unaokalika", au vibaya zaidi, "sayari zinazofaa kwa maisha".

Sikiliza tunavyolitumia neno hilo nyumbani. "Chumba kile hakikaliki" anasema mtu aliyekipanga, akang'atwa na mbu, akasikia kelele za mashine ya kusaga mpaka usiku wa manane. "Inakalika" inasemwa na mtu aliyekwenda kuiona nyumba, akafungua bomba, akatazama dari. Kwa Kiswahili, kukalika ni hukumu ya mtu aliyeingia ndani. Haiwezi kuwa hukumu ya mtu aliyesimama barabarani akakadiria umbali wa nyumba kutoka sokoni. Tunapoandika kwamba e "inakalika", msomaji wetu anaelewa kwamba kuna aliyeingia, na ni haki yake kuelewa hivyo, kwa sababu ndivyo lugha yake inavyosema. Kosa ni letu sisi waandishi.

Na "maisha" je? Maisha ni kodi, ada, kazi na ndoa. Bakteria hana maisha, ana uhai. Darubini zinatafuta dalili za uhai, pengine vijidudu tu. Ukiandika "maisha kwenye sayari nyingine", msomaji ataona watu na mitaa.

Ushahidi kwamba umbali peke yake hautoshi uko juu ya vichwa vyetu kila mwezi. Mwezi uko umbali uleule na Dunia kutoka kwa Jua, yaani ndani ya huo ukanda, na hauna hewa wala mto. Zuhura nayo upana wake ni asilimia 95 ya Dunia na uzito asilimia 81 hivi. Mnajimu wa mbali anayetumia mbinu zetu za mabonde angeiandika kama pacha wa Dunia. Uso wa Zuhura una nyuzi joto 460 hivi za Selsiasi, risasi inayeyuka.

Kwa vibete mambo ni magumu zaidi. Nyota kama TRAPPIST-1 huchukua muda mrefu sana kutulia. Ilipokuwa changa iling'aa kuliko sasa kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Sayari zilizo kwenye ukanda leo zilichemshwa kwanza, na maji yake huenda yalipotelea angani kabla nyota haijapoa. Pia ni nyota yenye hasira. Darubini ya Kepler iliitazama kwa siku 80 hivi na wachunguzi wakahesabu milipuko 42. Halafu kwa ukaribu ule, sayari karibu zote zinatarajiwa kuwa zimefungwa upande mmoja: nusu mchana wa milele, nusu usiku wa milele. Wapo wanaoandika kwamba hilo peke yake linaua kila matumaini. Hapana, hewa nzito ikiwepo inaweza kusambaza joto. Ila unaona jinsi kila kitu kinavyorudi kwenye swali moja: hewa ipo?

Darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, ina uwezo wa kuligusa swali hilo. Machi 2023 Thomas Greene na wenzake walitangaza joto la upande wa mchana wa b: kelvini 503, kama nyuzi 230 za Selsiasi. Walilipata kwa kupima jinsi mwanga wa joto unavyopungua b inapojificha nyuma ya nyota. Joto hilo linalingana na jiwe tupu lisilo na hewa ya kuhamishia joto upande wa pili. Miezi michache baadaye ikaja c, kelvini 380 hivi, na dhana kwamba ina hewa nzito ya kaboni dioksidi kama Zuhura ikapata pigo. Baadaye kipimo kingine cha b, kwenye rangi tofauti ya mionzi ya joto, kikaleta ubishi tena, kwa hiyo usiandike "imethibitishwa" hata kwa jiwe tupu. Mwaka 2025 ikatazamwa d, nayo haikuonyesha dalili za hewa inayofanana na ya Dunia.

Mdogo wangu yuko sekondari. Aliposikia habari za b kukosa hewa, alinitumia ile picha ya ufukweni akiuliza: "Kaka, kwa hiyo hii imekauka?" Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Kichwani mwake ziwa lilikuwepo, na sasa limekauka, ndani ya miaka sita. Tena b na f ni sayari tofauti kabisa, lakini yeye alikuwa na "dunia mpya" moja tu. Mwenzake wa darasani alikuwa na jibu tayari: wanasayansi waongo, leo wanasema hivi, kesho vile. Ningemlaumu vipi? Vipimo havikuwahi kubadilika. Hakuna kipimo kilichosema ziwa. Kilichobadilika ni hadithi waliyopewa, na vijana hawa hawakuwahi kuonyeshwa hata siku moja ule mstari wenye mabonde ili wajue kipi ni kipi. Huyu huyu ndiye kesho utamwomba aamini vipimo vya chanjo au vya mvua.

Najua utetezi wake. Bila picha nzuri nani angesoma? Nani angeidhinisha bajeti ya darubini? Ni kweli, na mimi mwenyewe niliingia fani hii kwa mlango wa picha. Sisemi zisichorwe. Nasema mchoro uandikwe "mchoro" ndani ya picha yenyewe, pasipokatika, na ule mstari wenye mabonde uwekwe pembeni yake. Na sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuache kukalisha watu tusikokujua. Binafsi nimeanza kusema "ukanda wa maji". Siyo neno kamilifu, maana bado mtu anaweza kudhani maji yameonekana, lakini linakulazimisha kuuliza: maji yapo? Ukiambiwa "panakalika", umeshaacha kuuliza.

Imebaki e, na hapa ndipo patamu. Inapokea kama asilimia 65 ya nishati ya Dunia, na upana wake ni asilimia 92 ya Dunia. Matokeo ya kwanza ya Webb kuhusu e yalitoka Septemba 2025, kutokana na kupita mbele ya nyota mara nne. Gamba nene la haidrojeni, kama lilikuwepo mwanzoni, linaonekana halipo. Hewa ya kaboni dioksidi kama ya Zuhura nayo haielekei. Hewa yenye nitrojeni nyingi bado haijaondolewa. Jiwe tupu nalo halijaondolewa. Ndivyo yalivyo majibu ya kweli: yanafunga mlango mmoja mmoja.

Kinachochelewesha siyo darubini, ni nyota. Ile nyota ina madoa ya baridi na mabaka ya joto, na yanabadilika kati ya safari moja ya sayari na nyingine. Alama inayotafutwa ya hewa ni ndogo, kama sehemu moja kati ya 10,000 ya mwanga au chini ya hapo. Madoa peke yake yanaweza kuigiza alama kubwa kuliko hiyo. Tena nyota yenyewe ni baridi kiasi kwamba ina mvuke wa maji ndani ya angahewa yake. Fikiria: unatafuta maji ya sayari, unayapata, kumbe ni ya nyota! Wakabuni ujanja mmoja ninaoupenda sana. Wanasubiri siku ambazo b na e zinapita karibu kwa wakati mmoja. Kwa kuwa b inadhaniwa kuwa jiwe tupu, chochote kitakachoonekana b ikipita kinahesabiwa kuwa uchafu wa nyota, kinatolewa kwenye kipimo cha e, na kinachobaki ndicho kinachochunguzwa. Ile sayari iliyomvunja moyo mdogo wangu imegeuka kuwa rula ya kuipimia jirani yake.

Hapo nilimchorea kwenye daftari lake: nyota, b, e, na mstari wenye mabonde mawili. Akaniuliza tunaweza kuiona. Kwa macho hapana, ni hafifu mno. Ila iko karibu juu ya njia yetu kabisa. Katikati ya Oktoba, saa nne usiku, ukiwa Dar es Salaam, Unguja au Mombasa, inua uso uangalie karibu na utosi. Utaona nyota chache hafifu za Ndoo, na kati yao ni giza tu. Hapo ndipo ilipo, na kila baada ya siku sita na saa mbili hivi e inapita mbele yake.